Mafundi wa Kanisa la Mawe la Guangzhou Watajwe

Kuna video fupi inazunguka kwenye makundi yetu ya waagizaji mizigo. Kijana amesimama mbele ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu pale Yide Road, Guangzhou, mifuko ya sampuli mkononi, anatuonyesha minara na kusema kwa uhakika kabisa: "Hili kanisa Wafaransa waliwajengea Wachina." Chini yake watu wamejaza mioyo na mikono ya kusali. Mmoja kaandika "Mungu awabariki Wafaransa." Nimeisoma hiyo nikiwa dukani na hasira ikanipanda hadi nikashindwa kuhesabu pesa ya mteja.

Wengi wenu mnapafahamu. Ukitoka kwenye maduka ya jumla ya midoli na vifaa vya shule, ukapita harufu ya samaki wakavu na uduvi wanaouzwa kwa gunia, ghafla unaona minara miwili iliyochongoka, urefu wake mita 58 na zaidi, yote ya mawe ya kijivu. Wenyeji wanaiita nyumba ya mawe tu, Shishi. Kuta ni graniti, nguzo ni graniti, minara hadi kwenye ncha ni graniti. Ni kanisa kubwa kuliko yote ya Kigothi nchini China, yaani ule mtindo wa Ulaya wa matao na minara iliyochongoka, na tangu 1996 limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na taifa lile.

Sasa nije kwa huyo kijana na "waliwajengea" yake.

Kwanza kiwanja. Pale palikuwa na makao ya gavana mkuu wa majimbo ya Guangdong na Guangxi. Mwishoni mwa Desemba 1857 manowari za Waingereza na Wafaransa ziliupiga mji kwa mizinga, makao yale yakageuka kifusi. Gavana mwenyewe, Ye Mingchen, akakamatwa Januari 1858, akapakiwa melini hadi Calcutta, India, akafia huko 1859. Wafaransa waliingia vita ile, Vita ya Pili ya Kasumba (afyuni), wakisema wanadai damu ya padre wao, Auguste Chapdelaine, aliyeuawa Guangxi 1856. Aliuawa kikatili, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Simwombei asahaulike. Lakini mizinga iliangukia nyumba za watu wa Guangzhou, na wao hawakumgusa padre yule. Mji ukakaliwa na majeshi ya kigeni hadi 1861. Ni katika hali hiyo, baada ya Mkataba wa Beijing wa 1860 uliomaliza vita hiyo, ndipo Askofu Zéphirin Guillemin wa Shirika la Misioni za Kigeni la Paris alipopata kiwanja cha gavana. Mwenye mji anatia sahihi huku askari wa kigeni wanalinda malango yake. Mimi ni Mkatoliki, nimepiga magoti ndani ya kanisa hilo, nimesali nikalia humo. Kwa sababu hiyo hiyo nataka kiwanja chake kitajwe kama kilivyopatikana.

Hilo la kiwanja naliacha hapo, vitabu vya historia ya vita vya kasumba vimejaa habari zake. Linaloniumiza zaidi ni la mikono.

Michoro ilikuwa ya Wafaransa, sawa. Léon Vautrin na Charles Hyacinthe Humbert ndio waliosanifu. Fedha nyingi zilitoka kwa Kaizari Napoleon III na kwa waumini wa Ufaransa. Jiwe la msingi likawekwa 1863. Halafu? Halafu kazi ikachukua miaka 25. Kanisa lilikamilika 1888. Miaka 25 hiyo nani alikuwa juu ya jukwaa la mianzi ameshika tindo?

Sisi tuliozaliwa Mwanza tunaijua graniti. Tumekua tukiipanda, tukianikia dagaa juu yake, tukiwaona akina mama wakiiwashia moto ili ipasuke wapate kokoto. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi wa mawe, na alinifundisha nikiwa mtoto kwamba graniti hailazimishwi. Unasoma kwanza jiwe limelala upande gani. Unatoboa vitundu kwa mstari, unachomeka kabari, unagonga moja baada ya nyingine kwa zamu, unasikiliza. Sauti ikibadilika, jiwe limekubali. Ukikosea, siku nzima ya kazi imekwenda, kwa sababu jiwe lililopasuka vibaya halirudi.

Sasa chukua ujuzi huo uupeleke kwenye kanisa la Kigothi. Mtindo huo ulizaliwa Ufaransa ya kaskazini, kwenye mawe ya chokaa. Jiwe la chokaa la Paris likitoka machimboni bado laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Waliobuni matao yale yaliyochongoka, mbavu zinazokutana darini, madirisha ya mawe membamba kama matawi, waliyabuni wakiwa na jiwe linalotii. Kule Guangzhou michoro hiyo hiyo ikawekwa mbele ya waashi wenye graniti, wakaambiwa wachonge. Kila jiwe la tao lina pembe yake. Ukikosea kidogo kwenye jiwe la chini, kosa linakua kadiri tao linavyopanda, na mawe mawili ya juu hayatakutana. Na mle ndani kuna madirisha ya duara yenye umbo la waridi, upana karibu mita 7, na kila petali imezungushiwa jiwe lililochongwa kwa mkono. Mashine ya kukatia mawe hapakuwa nayo. Ni nyundo na tindo.

Mawe yenyewe yalitoka machimbo ya Kowloon, upande wa Hong Kong. Yakapakiwa kwenye majahazi, yakapanda Mto Pearl hadi mjini, yakabebwa hadi kiwanjani. Ninaposhusha kontena moja bandarini Dar es Salaam, na kreni zote zile, naugua wiki nzima kwa mawazo. Wale walishusha kanisa zima, kipande kwa kipande, kwa mabega na kamba.

Aliyeongoza waashi hao alikuwa fundi wa Guangdong aitwaye Cai Xiao. Naomba usiliruke jina hili. Cai Xiao. Yeye na watu wake walikuwa wamezoea mahekalu, kumbi za mababu, madaraja, malango ya mawe. Ujenzi wa Kigothi haukuwa wa kwao. Walipewa karatasi zenye mistari ya lugha na vipimo vya kigeni, wakazigeuza kuwa jengo lililosimama mpaka leo.

Na hawakunakili tu, jambo ambalo video yetu haikulionyesha hata kidogo. Walijenga kwa akili yao. Viungio vya mawe walivifunga kwa njia ya kwao, uji wa mchele wa kunata na mafuta ya mti wa tung, maarifa ambayo waashi wa China walikuwa nayo tangu zamani. Uso wa kanisa unaangalia kusini, kama inavyopaswa kwa jengo la heshima nchini China, wakati makanisa makuu ya Ulaya kwa desturi huweka mlango mkubwa magharibi. Halafu tazama paani. Kwenye makanisa ya Kigothi ya Ufaransa maji ya mvua hutemwa na sanamu za mazimwi yenye mabawa na midomo wazi. Kule Guangzhou maji yanatemwa na simba. Simba wa Kichina, wale wale wenye manyoya ya mviringo wanaokaa mbele ya milango ya mahekalu na benki. Fundi mmoja, miaka mia na zaidi iliyopita, alichonga simba anayemjua akamweka juu ya nyumba ya Mungu, na bado anatema maji kila masika. Mimi niliposimama chini nikawaona, nilimkumbuka babu hadi machozi yakanitoka.

Babu alijenga kanisa la parokia yetu. Yeye na wenzake. Parokia ilipotimiza jubilei wakatoa kitabu kizuri, karatasi inayong'aa, picha za kila padre aliyepita, mwaka aliofika, mwaka aliohama, ugonjwa uliomrudisha Ulaya. Kuhusu ujenzi kuna sentensi moja: wenyeji walisaidia kubeba mawe. Babu hakubeba mawe. Aliyachonga. Alijua kila tao la kanisa lile, na hadi uzeeni alikuwa akiingia Misani anatazama juu kwanza kabla ya kuchovya maji ya baraka, kuhakikisha hakuna ufa. Mama yangu alikipokea kile kitabu, akakisoma hadi mwisho akitafuta jina la baba yake, kisha akakifunika na kukiweka kabatini. Hajakigusa tena. Kwa hiyo ninaposikia "Wafaransa waliwajengea", naisikia ile sentensi ya kitabu chetu ikisomwa tena kwa sauti, mbele ya kanisa lingine, na safari hii msomaji ni kijana wetu mwenyewe ambaye pengine naye ana babu mwashi. Nani amemfundisha kuona jengo akawaza moja kwa moja kwamba aliyelijenga ni mzungu?

Haya, wapeni Wafaransa chao. Guillemin alikuwa na uvumilivu ambao siwezi kuukana. Alitafuta fedha, akabishana na serikali mbili, na Kaizari aliyemfadhili akaanguka 1870 kabla jengo halijafika nusu ya safari yake. Askofu mwenyewe alifariki 1886, miaka 2 kabla ya kazi kuisha, hakuliona likiwa kamili. Kengele za mnara wa mashariki zilitoka Ufaransa. Ni yeye aliyetaka mawe ya msingi yaandikwe "Jerusalem 1863" upande mmoja na "Roma 1863" upande wa pili, na udongo wa miji hiyo miwili uletwe pale. Ni wazo zuri, linanigusa kila nikilifikiria. Bila yeye lisingeanza. Bila Cai Xiao lisingesimama.

Na wanaosema ni nakala ya Notre-Dame ya Paris wazitazame picha tena. Minara ya Notre-Dame imekatwa bapa juu. Hii ya Guangzhou inachongoka hadi mwisho, na inafanana zaidi na kanisa la Sainte-Clotilde la huko huko Paris.

Kuna mikono mingine pia inayosahauliwa, ile iliyolitunza. Wamisionari wa kigeni walipoondoka baada ya Wakomunisti kushika nchi 1949, walibaki Wakatoliki wa Guangzhou na askofu wao Mjesuiti, Dominic Deng Yiming. Alikamatwa Februari 1958, akakaa gerezani miaka 22 bila kuhukumiwa na mahakama, kwa sababu alikataa kukata uhusiano na Baba Mtakatifu. Alitoka 1980. Mwaka uliofuata Yohane Paulo II alipomteua Askofu Mkuu, serikali ya China ikamkataa, na akafia ugenini Marekani mwaka 1995. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (1966 hadi 1976), serikali ilipoandama dini, kanisa lenyewe liliharibiwa na kugeuzwa ghala. Vioo vya rangi vya asili vilipotea. Misa ilirudi 1979, na vioo unavyoviona leo, ile bluu na nyekundu inayomwagika sakafuni saa za asubuhi, viliagizwa kutoka Manila wakati wa ukarabati mkubwa wa kati ya 2004 na 2006. Watu waliokaa na imani yao majumbani miaka yote ile, wakatembea tena kwenda kufagia ghala ili padre apate pa kusimamisha altare, hao nao nawahesabu kuwa wajenzi.

Kisha tukaja sisi. Misa ya Kiingereza ya Jumapili alasiri kwa miaka mingi ilijaa Waafrika, Wanigeria wengi zaidi, na kati yao Wakongo, Waganda, Wakenya, Watanzania tuliofuata bei ya jumla. Nimesimama kwenye Misa hiyo karibu na mama wa Lagos aliyekuwa ameacha marobota yake ya nguo kwa ajenti, akaimba kwa sauti ambayo ililijaza lile dari lote. Nadhani dari la mawe linapenda sauti kama ile, lilijengwa kwa ajili yake. Aprili 2020, Waafrika wengi walipofukuzwa kwenye nyumba za kupanga mjini humo kwa hofu ya korona, wakalala nje, waliokuwa wakijuana kwa Misa ile ndio waliotafutana kwa simu usiku. Siwezi kuzungumzia kanisa hilo kama mtalii.

Kwa hiyo ninyi maajenti mnaowapeleka wageni wetu pale kupoteza muda wakati kontena linapakiwa, naomba hivi. Msiishie mlangoni kwa picha. Zungukeni hadi kona za mbele, mkasome maandishi ya 1863 chini ya ukuta. Muwaonyeshe simba wa paani. Mseme kiwanja kilipatikanaje, na mkifika kwa mafundi, mtajeni Cai Xiao kwa jina kabla ya Mfaransa yeyote.