Mashine Imesema "Ta" Ikanyamaza

Ta!

Hilo ndilo neno nililoambiwa leo alfajiri na mashine ya boti yangu hapa Deep Sea, pwani ya wavuvi Tanga. Chambo nimenunua, barafu iko kwenye ndoo, kijana wangu keshang'oa nanga. Nageuza ufunguo: ta. Nageuza tena, safari hii na bismillahi: ta.

Ingekaa kimya kabisa ningejua betri imekufa, tuizike, tugawane mirathi. Lakini hii "ta" moja ni ya mtu aliyesikia hodi na hataki kufungua. Kamba ya kuvuta ili kuiwasha kwa mkono? Ilikatika enzi za shemeji aliyeniuzia boti hii, na nadhani ndiyo sababu aliniuzia.

Tanga ukitaka msaada huna haja ya kuuomba, wewe kwama tu. Muuza kahawa akasema gia iko ndani, mashine hizi hazipigi stata, ile mota ya kuziwashia, mpaka gia iwe huru. Nikamwonyesha: iko katikati kama mtoto wa pili. Mwingine akasema mwagia vichwa vya betri maji moto. Nikamwagia, ukoga wa kijani ukaondoka, "ta" ikabaki. Wa tatu akaangalia upande wa Kisiwa cha Toten, akasema taratibu, "Pale pana wenyewe." Nikamshukuru. Wa nne aliuliza naiuza bei gani.

Basi nikampigia fundi. Fundi wangu ni wa umeme wa magari, yuko Ngamiani, kule barabara zinakoitwa kwa namba, na kila nikimpigia yuko barabara nyingine. "Niko ya nane, mzee." "Natokea ya kumi na mbili, mzee." Sijui alikuwa anakuja au anafanya sensa. Alifika saa moja na nusu kwa bodaboda, mguuni viatu vilivyochongoka, vya harusini. Akayatazama maji. Akanitazama mie. Nikambeba mgongoni hadi botini. Mwenye boti mie, mwenye shida mie, na mgongo wangu pia!

Akafunua kifuniko, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mzee, nani alikufungia nyaya hizi?"

"Wewe."

"Lini?"

"Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani."

Akazitazama upya, kwa upole. "Ahaa. Basi si mbaya sana."

Akatoa mita, akaigusisha kwenye betri. Volti 12.6. "Betri nzima." Uzima huo mie naujua, ni wa mpangaji wangu: ukimwamkia ni mzima, ukitaja kodi anaumwa. Nikamwambia apime nikiwa nageuza ufunguo. Ta. Mita ikashuka kidogo tu, 12.3. Kweli nzima! Nikaiomba betri radhi kimoyomoyo. Kisha akahamia kwenye stata yenyewe. Geuza. Ta. Volti 5.

"Mzee, umeme unatoka kumi na mbili, unafika tano."

Hapo nikakalia ndoo ya barafu. Jambo hili si geni nyumbani kwetu. Mwanangu aliye Dar alituma hela ya bati kupitia kwa baba yake mdogo: zilitoka bati 20, zikafika 8 na misumari. Baba mdogo hadi leo ana maelezo.

"Sasa hizo saba zimeliwa wapi?" nikauliza, kwa sauti ya kikao cha ukoo.

Fundi akashika ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri, ya pili kwenye chuma cha mashine. Pale, anasema, kinachosomeka ndicho kinachopotea kwenye waya, na wakati wa kupiga stata panatakiwa pasome karibu na sifuri. Geuza. Saba kamili! Mwizi ni waya wa negativu. Na huo waya ukiuona kwa nje: mnene, mweusi, unang'aa, mheshimiwa. Akaubonyeza karibu na kichwa, ukabonyea kama embe bovu. Akauchuna gamba. Ndani unga wa kijani. Chumvi iliingilia mwishoni, ikatambaa humo ndani kwa ndani, ikala shaba, na mie kila Ijumaa napangusa gamba kwa kitambaa!

Na mwezi uliopita, kwa ushauri wake huyuhuyu, nimenunua betri mpya. Kabla ya betri, brashi za stata. Jamani. Ungepimwa waya tu, yote hayo yasingekuwapo. Sikusema kitu. Nilikuwa nahesabu debe ngapi za petroli zile.

Akaukata waya hadi alipokutana na shaba nyekundu. Kikahitajika kichwa kipya. Fundi hana. Bodaboda akatumwa mjini, akarudi na cha pikipiki, akatumwa tena, na nauli tena. Na leo ni bamvua, maji yakitoka yanatoka kweli. Nikaisikia boti inalala ubavu polepole, kama mzee baada ya futari.

Fundi akafunga, akakaza, akapaka grisi. "Geuza, mzee." Stata ikazunguka, mashine ikanguruma, pwani nzima ikapiga makofi. Nikaizima mbiombio. Tuko juu ya tope, maji ya kuipoza hakuna, ningeiunguza mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo nasubiri maji yajae, alasiri huko. Fundi kaondoka kwa miguu yake, viatu mkononi. Barafu imekuwa maji ya kunawa. Mke wangu kapiga kuuliza leo tutegemee changu au kolekole, nikamwambia mtandao unakatika.

Sasa huyu muuza kahawa anakuja na birika lake. Anadai vikombe 9. Mie nimekunywa kimoja. Anasema wale wengine walikuwa wananisaidia, na kashata anazihesabu mbali.