Kiinitete Kimoja, na Maji Kati ya Lamu na Mokowe

Daktari wetu wa Mombasa alipotuuliza kama tungependa arudishe tumboni kiinitete kimoja au viwili, yaani mayai yangu yaliyorutubishwa maabara, mume wangu alijibu "viwili" kabla swali halijaisha. Sikumlaumu. Tulikuwa tumeuza sehemu ya shamba la minazi ili kulipia awamu moja ya matibabu, tena baada ya miaka saba ya kuambiwa tuvute subira kila tunapohudhuria harusi ya watu, na mtu aliyetoa mali kiasi hicho hutamani arudi na mapacha ili asisafiri mara ya pili.

Mimi ndiye niliyesema kimoja, na sababu yangu kubwa haikutoka maabara.

Hesabu ya maabara hata hivyo inafaa kujulikana, kwa kuwa wengi hudhani kwamba viwili huongeza maradufu bahati ya kupata mtoto. Utafiti uliofanywa kwa wanawake 661 wa chini ya miaka 36, ukiongozwa kutoka Sweden na kuchapishwa mwaka 2004, ulilinganisha waliowekewa viwili kwa pamoja na waliowekewa kimoja, kisha kingine kilichogandishwa iwapo cha kwanza hakikuleta mtoto. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 42.9 katika kundi la viwili na asilimia 38.8 katika kundi la kimoja kimoja. Lakini miongoni mwa uzazi huo, wa watoto zaidi ya mmoja ulikuwa asilimia 33.1 katika kundi la viwili, na asilimia 0.8 katika kundi la kimoja kimoja. Tofauti ndogo ya kupata, tofauti kubwa mno ya kuhatarisha.

Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na mama yao huwa karibu zaidi na shinikizo la damu, kifafa cha mimba na kutokwa na damu nyingi. Mtoto wa namna hiyo huenda akahitaji joto, oksijeni na muuguzi wa kumwangalia usiku kucha. Sisi tunakaa kisiwani Lamu. Huduma ya hapa ikizidiwa, mgonjwa huvushwa kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha hupitishwa barabara ya zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi, na kutoka hapo ziko nyingine kama 120 mpaka Mombasa. Nanyi mnaojua bahari yetu wakati wa kusi hamhitaji kuelezwa zaidi. Daktari alituuliza mengi siku ile, ila hakuuliza nitajifungulia wapi, na kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwanamke wa Lamu angestahili kuulizwa kabla idadi haijatajwa.

Mama mkwe aliniambia, "Mapacha ni neema, mwanangu, usiikatae." Nilimjibu kwa adabu kwamba sikukataa kitu, kwani vilivyobaki vimehifadhiwa katika naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na vinaweza kungoja. (Alichotaka hasa kujua ni kama jambo lenyewe ni halali, na hilo Al-Azhar, taasisi kuu ya elimu ya Kiislamu kule Misri, ilikwisha kulijibu mwaka 1980, maadamu mbegu na yai ni vya mume na mke walio katika ndoa.)

Sisemi kwamba kila mtu apewe kimoja. Aliyevuka miaka 40, au ambaye amejaribu mara kadhaa bila mafanikio, hesabu yake ni nyingine, na daktari anayempa viwili huenda ana haki. Hata kimoja, mara chache, hujigawa na kuwa mapacha.

Chetu cha kwanza hakikushika. Tuliporudi, mume wangu hakusema neno katika boti, nami nilijua anachokifikiria. Vimebaki viwili. Tutakwenda tena baada ya Ramadhani, na nitaomba kimoja.