Mtambo Uliolala Unalipwa: Hasara au Bima?

Bei ya tokeni za stima ikipanda tu, hapa Mombasa lawama huelekezwa Kipevu na Rabai. Mitambo ile ya mafuta mazito, watu husema, inalipwa hata ikilala. Ni kweli. Mkataba humlipa mwenye mtambo kwa kukaa tayari, na mafuta anayochoma huhesabiwa kando. Lakini kutoka hapo hadi kusema waliotia saini walikuwa wajinga, pana bahari katikati.

Mwaka 2000 ukame ulishusha maji ya mabwawa ya mto Tana yanayozalisha stima na nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Kampuni ya Tsavo Power ilipoanza kuzalisha megawati 74 Kipevu mwaka 2001, hakuna aliyeuliza mtambo ule ni wa nini. Miaka ya mvua ndiyo iliyotusahaulisha.

Ronald Howard wa Stanford, aliyeipa taaluma ya uchambuzi wa maamuzi jina lake mwaka 1966, alisisitiza kwamba uamuzi mzuri ni kitu kimoja na matokeo mazuri ni kingine. Chukua mwenye chumba cha barafu Kongowea. Tuseme kuweka jenereta kunamgharimu shilingi 60,000 kwa mwaka, na stima ikikatika siku mbili samaki wa 400,000 wanaoza. Gawanya 60,000 kwa 400,000: 15 kwa 100. Akiona uwezekano wa balaa hilo mwakani umezidi hapo, aweke jenereta. Ukiwa chini, aache. Sasa mwaka upite bila stima kukatika hata mara moja. Amepoteza 60,000? Wengi watasema ndiyo, na jirani asiye na jenereta atamcheka. Mimi nasema ile 15 haikubadilika kwa sababu mwaka ulikuwa mwema. Na kwa taifa zima gharama ya giza huwa kubwa zaidi: mwezi Agosti 2023 nchi karibu yote ilizima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi.

Wakosoaji nao wana hoja, tena nzito. Mwaka 2013 serikali iliahidi kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, wakati matumizi ya kilele hayakuwa yamefika hata 2,000. Hiyo si bima tena, ni kununua jenereta tatu za chumba kimoja. Upepo wa Turkana nao, megawati 310, ulikuwa tayari 2017 huku laini ya kuusafirisha ikingojewa hadi Septemba 2018, na sisi tukawajibika kulipia stima isiyotufikia. Haikuhitaji mpiga ramli kuona kwamba laini ingeweza kuchelewa.

Kwa hiyo sigombani na mtambo kulala. Nagombana na karatasi ya mkataba. Yule wa Kongowea, je, angekodi jenereta kwa miaka 20, kwa bei ya dola, bila kipengele cha kuirudisha samaki wakipungua?