Nani Kasema Mawese Hayana Timu?

Zamani ukialika watu waje kuangalia mpira ulihitaji runinga inayoonyesha na mkeka. Karanga zilikuwa hisani. Siku hizi mgeni, kabla hajauliza mechi inaanza saa ngapi, anauliza menyu. Na siyo menyu hivi hivi, menyu yenye jiografia! Timu ya Mashujaa ikicheza na Coastal Union, sinia liwe na Kigoma upande huu na Tanga upande ule. Ikija timu ya Bukoba, watu wanataka ndizi na senene. Ikija ya Dodoma, kuna mjomba atauliza mlenda uko wapi, na mjomba huyo akiwekewa mlenda anageukia wali. Kamati ya chakula ina watu tisa, mwenye jiko ni mmoja, na mchango ulioingia mpaka sasa ni wa yuleyule mwenye jiko.

Hapa ni mwisho wa reli, jamani. Treni ilifika Kigoma mwaka 1914 na kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Pweza akisafirishwa umbali huo anafika mzee kuliko kocha. Tanga ikikuangukia kwenye ratiba, huhitaji samaki wa Tanga, unahitaji tui. Chukua kuhe au sangala wa ziwani, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mbanike kwa moto wa taratibu mpaka aive, ndipo umpake tui zito lililochemshwa na pilipili na bizari. Nazi mbili zinatosha samaki mmoja mkubwa. Ukizichuja nazi hizo mara tatu ili zitoshe samaki wanne, utakuwa na samaki wa kuoshwa, siyo wa kupaka.

Bukoba ndiyo itakutia hasara. Senene wana msimu, hasa Novemba na Desemba, na ratiba ya ligi haiwajui. Nje ya hapo utanunua waliokaushwa kwa bei ya kulia, na watakwisha timu zikiwa bado zinapasha. Wape watu ndizi tu. Ukishazimenya zitumbukize kwenye maji yenye ndimu, la sivyo zinakuwa nyeusi na mtu atasema umepika za jana. Moshi? Mtori ni mtamu, sina ugomvi nao. Ila mtori unakaa kwenye bakuli, bakuli linakaa mapajani, na mapaja ya shabiki hayakai.

Watu hawataki kuelewa kwamba shabiki hali kwa macho. Macho yako kwenye runinga, mkono unapapasa wenyewe. Chakula chochote kinachodai uangaliwe ili kikuingie salama hakifai, hata kiwe kitamu vipi, hata kiwe cha kwenu. Ndiyo maana kila ninaposikia "tuweke migebuka mizima, ndiyo Kigoma yenyewe," nywele zinanisimama. Mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, ana miba. Mtu katia tonge mdomoni, mshambuliaji kabaki na kipa, nyumba nzima imeruka, na huyo wa pembeni yako hashangilii, anakohoa. Utampigia makofi ya mgongo huku umekosa marudio ya bao.

Migebuka iwekwe, sikatai. Lakini nunua waliokaushwa kwa moshi, kumi na wawili kwa watu ishirini. Waloweke kwenye maji ya moto kama dakika kumi, ngozi ilegee. Menya, pasua katikati, ng'oa uti wa mgongo, kisha pitisha vidole kwenye minofu ukitafuta miba midogo. Kazi hii apewe mtu mwenye subira, siyo kijana anayechungulia simu kutafuta kikosi kinachoanza. Halafu kaanga vitunguu vitatu kwenye robo lita ya mawese, weka nyanya sita zikaangike mpaka zikauke, minofu iingie mwisho pamoja na pilipili na maji kidogo, dakika kumi tu. Usikoroge kwa fujo, itavurugika iwe uji wa samaki. Mchuzi ukiwa mzito hivyo unashikana na ugali wala haudondoki njiani.

Na usipodondoka ni heri kwako, kwa sababu ya mawese.

Wanasema mawese ni mafuta tu, hayana upande. Nani kasema? Angalia rangi yake! Tone moja kwenye jezi nyeupe na nyekundu ya Simba halionekani, limefika nyumbani. Tone hilohilo kwenye jezi ya njano ya Yanga ni taarifa kwa umma. Na hapa kwetu jambo hili lina kidonda: tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na Yanga ilichezwa hapahapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Tangu siku ile mwambie mwananchi wa Yanga wa Kigoma kwamba doa la mawese kifuani ni bahati mbaya, uone atakavyokutazama. Siku ya watani, basi, weka karatasi au vitambaa kila baada ya watu wawili. Doa likishaingia, usisugue na maji matupu, yanalitandaza. Paka sabuni ya kipande ikiwa kavu, iache, fua kwa maji ya moto, kisha anika juani. Jua la Kigoma linapausha wekundu wa mawese vizuri sana. Jezi inarudi njano, moyo sijui.

Jambo la pili kuhusu mawese ni saa ya mechi. Mawese yakipoa yanaganda. Mechi ya alasiri huoni tatizo. Lakini kumbuka Tanzania na Kongo kule Korhogo, Ivory Coast, tarehe 24 Januari 2024, Kombe la Afrika: kwa saa zetu mpira ulianza saa 5 usiku na ukaisha bila bao. Mechi ya namna hiyo, chakula kilichopakuliwa saa 4 kikiliwa mapumziko kina utando mdomoni, ulimi unateleza kama umepakwa mshumaa. Mechi za usiku, mchuzi wa mawese ubaki kwenye sufuria juu ya majivu ya moto na upakuliwe kwa zamu. Na wakati wa kuyachemsha mawese mwanzoni usiyaache yafuke moshi mweusi. Yakiungua yanakuwa machungu, na uchungu ule hauondolewi na nyanya wala na maombi.

Mfalme wa mpira ni dagaa. Hana mwiba wa kukusumbua, analiwa mzima, anakaa kwenye kiganja, na ukiruka ukamwaga unaokota. Tatizo lake liko angani. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanawavuta dagaa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitoka taa inakosa kazi, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na bei inapanda. Kwa hiyo kabla hujatangaza shughuli, fungua kalenda ya ligi na kalenda ya mwezi uziweke pamoja. Bado hujamaliza. Ziwa nalo linafungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na Euro ya mwaka huo ikachezwa 14 Juni hadi 14 Julai, katikati kabisa! Nani aliwaambia Wazungu waweke mashindano yao hapo? Mwenye akili ananunua dagaa wakavu mapema, anawafungia kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu, na hasemi kwa mtu.

Ukifika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma usiringiwe na fungu kubwa. Shika dagaa wachache uwasugue kiganjani. Ukibaki na mchanga, walianikwa chini. Wa kwenye vichanja wanaacha kiganja kisafi. Tumbo ling'ae kama fedha. Likiwa la njano njano na linanukia mafuta ya zamani, waache hapohapo. Kilo moja ya dagaa wakavu inatosha kabisa watu ishirini kama kitafunwa, maana wakavu ni wepesi na kilo ni kilima. Ng'oa vichwa ukiweza, waoshe kwa maji ya vuguvugu haraka haraka mara mbili, usiwaloweke. Watandaze juani nusu saa wakauke tena. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanawatia kwenye karai wakiwa na maji, mafuta yanapoa, dagaa wanachemka badala ya kukaangika, wanatoka laini kama uzi. Kaanga ngumi mbili mbili kwenye mafuta ya moto, toa wakilia ukiwakoroga, watandaze kwenye sinia. Usiwafunike! Mfuniko unarudisha mvuke. Chumvi iwekwe wakiwa wa moto, pilipili ya kusaga pia. Ndimu ikae pembeni imekatwa, kila mtu akamulie zake, kwa sababu mtu akikamulia sinia zima dakika ya kwanza, kufikia ya ishirini mnakula kitu cha kuvuta kwa meno.

Timu ya Tabora ikija msihangaike, ile ni kama mechi ya shemeji. Asali yao weka kwenye kibakuli kimoja na mihogo ya kuchoma. Kibakuli kiwe mezani, siyo mikononi mwa watu, maana rimoti yenye asali haibadilishi chaneli. Na weka matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Kipande kimoja kinatafunwa kwa muda mrefu sana. Mgawie kwanza yule anayefundisha ukocha kutoka kwenye kochi, utasikia mtangazaji vizuri mpaka mapumziko.

Kisamvu nitasema kwa ufupi kwa kuwa kinaniudhi. Lazima kitwangwe na kichemshwe saa nzima au zaidi, mfuniko wazi, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Anayekuambia atakipika "fasta wakati wa mapumziko" mnyang'anye mwiko. Kipike jana yake, leo unapasha moto tu na karanga.

Ugali wa muhogo usongwe dakika ya 35, kilo moja ya unga kwa watu watano au sita, uliwe ukiwa wa moto, ukipoa unavutika kama mpira wenyewe. Mapumziko ni dakika 15. Watu ishirini wakinawa kwa jagi moja, nusu dakika kila mtu, dakika kumi zimekwenda na bao la kipindi cha pili litawakuta na sabuni vidoleni. Majagi mawili, beseni mawili, wa kushoto na wa kulia. Wazee wanawe kwanza, hilo halina VAR.

Mechi zikiwa za mtoano, tenga robo ya dagaa kabla wageni hawajafika, kwa ajili ya dakika 30 za nyongeza na penalti, maana chakula kikiisha dakika ya 90 watu wanakugeukia wewe kama ndiye refa. Waweke ndani ya ndoo ya unga, kwenye mfuko uliofungwa. Kabatini watafungua, kwenye hotpoti watafungua, chini ya kitanda wapo watakaoinama. Ndoo ya unga hakuna shabiki anayeigusa, anaogopa ataambiwa asonge.