Riwaya ya Polisi Haisomwi kwa Sababu ya Damu

Wapo watu hapa Kisumu ambao, wakimwona mtu mzima ameshika riwaya ya polisi, humuuliza anatafuta nini katika hadithi za mauaji ilhali magazeti yanatuletea mauaji ya kweli kila asubuhi. Ningependa kulijibu swali hilo kwa uzito unaofaa, kwa kuwa ninaamini kwamba wanaolidharau tawi hili la fasihi hulihukumu kwa maiti ya ukurasa wa kwanza, huku utamu wake wote ukiwa katika kurasa mia tatu zinazofuata.

Simzungumzii yule mpelelezi mwerevu kupita watu wote, anayeketi sebuleni, akatazama tope kwenye kiatu cha mgeni, kisha akamtaja muuaji. Huyo ana wapenzi wake, nami simchukii. Ninazungumzia riwaya ambayo shujaa wake ni kituo kizima cha polisi: yule anayepokea simu, yule anayebisha hodi mtaa mzima na kurudi bila jibu, daktari wa mochari, mpiga picha, na mkubwa wa kazi anayetaka kesi imalizike kabla ya Ijumaa. Ed McBain wa Marekani alianza kuandika kwa namna hiyo mwaka 1956, katika mfululizo wa kituo cha 87 cha mji aliouzua mwenyewe, na alikusudia kwamba kikosi kizima ndicho kiwe mhusika mkuu.

Lakini walioniteka kabisa ni Waswidi wawili, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, walioandika pamoja riwaya kumi kati ya mwaka 1965 na 1975. Katika ile ya kwanza, Roseanna, maiti ya mwanamke inaopolewa kutoka kwenye mfereji wa meli, na miezi inapita kabla polisi hawajajua hata jina lake. Mpelelezi Martin Beck hajisikii vizuri tumboni, barua zinatumwa nchi za mbali, na majibu yanachelewa. Hatimaye wapelelezi wanawatafuta abiria wa meli moja ya watalii, ambao wamekwisha kutawanyika, wakiwaomba picha walizopiga safarini, kisha wanaketi kuzikagua, wakimtafuta mwanamke huyo nyuma ya watu wengine wanaotabasamu. Nimesoma vitabu vyenye mabomu na magari yanayofukuzana ambavyo havikunishika kama kurasa hizo. Msomaji anapewa kile anachopewa mpelelezi, kwa mpangilio uleule, na inambidi avumilie kutojua kwa muda uleule. Ndiyo maana jina linapopatikana, furaha yake ni furaha ya mtu aliyeshiriki kazi hadi mwisho.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna jambo zaidi. Mwezi Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, Dkt. Robert Ouko, alitoweka kutoka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila. Wapelelezi wa Scotland Yard waliletwa kutoka Uingereza wakiongozwa na John Troon; tume ya uchunguzi ikaundwa, kisha ikavunjwa mwaka 1991 kabla ya kukamilisha kazi yake; na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Watu wengi wa Nyanza wamekua na faili hilo likiwa wazi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba ninasoma riwaya hizi ili nijifariji kwamba kila muuaji hukamatwa. Ninachopata ndani yake ni kipimo. Aliyezizoea anajua kwamba mashahidi wawili huhojiwa mbalimbali kabla hawajapatana maneno, kwamba mahali pa tukio pakishakanyagwa na umati ushahidi umepotea, na kwamba kielelezo kinachopita mikononi mwa watu bila kuandikwa hakitasimama mahakamani. Akisikia msemaji akitangaza kwamba uchunguzi unaendelea, anayajua maswali ya kuuliza.

Kiswahili hakikuchelewa kuingia uwanjani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Faraji Katalambulla alituletea Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo mwaka 1965. Naye Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba kupambana na maadui wa bara zima. Ninawaheshimu wote. Hata hivyo, Bwana Msa si polisi, na Gamba ni jasusi ambaye bastola yake mara nyingi hutangulia ushahidi. Njia iliyofunguliwa na Wingo ndiyo ambayo ningependa kuona imeendelezwa, hasa na waandishi wa Kenya, ambao kwa maoni yangu wameiacha ikaota nyasi.

Ninasikitika zaidi kwa sababu sheria zetu zenyewe zimekwisha kumwandalia mwandishi mvutano. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo unaisha nje ya saa za kazi. Sheria ya Ushahidi nayo haikubali kukiri alikokuchukua mpelelezi wa kesi yenyewe. Ni lazima mshukiwa akiri mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa polisi mwenye cheo kilichowekwa na sheria, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Sasa tuseme mvuvi amekutwa amekufa ufuoni Dunga, hapa Kisumu, tukio limeandikwa katika OB, yaani daftari la matukio la kituo, na mshukiwa amekamatwa Kondele alasiri ya Jumatano. Mashahidi wanaeleza kwa Kijaluo na Kiluhya, taarifa zinaandikwa kwa Kiingereza, afisa mwenye cheo hicho yuko safarini, na saa zinakwenda. Mwandishi mwenye subira hahitaji kuongeza bunduki hata moja.

Wanaohofu kwamba vitabu hivi huwafundisha vijana uhalifu sikubaliani nao, kwa maana anachojifunza msomaji makini ni jinsi mhalifu anavyonaswa na mambo madogo aliyoyapuuza. Wanaosema kwamba vinawasafisha polisi nao wawasome wale Waswidi wawili, waliowapenda wapelelezi wao na bado wakaikosoa dola ya nchi yao kwa ukali.

Anayetaka kuanza na atafute Simu ya Kifo kwanza, akiulizia hata kwa wauzaji wa vitabu kuukuu wanaotandaza barabarani, kisha aende kwa Beck. Asome bila haraka, na akifika mahali ambapo kwa kurasa kadhaa watu wanapekua faili na kupiga simu tu, asiziruke kurasa hizo, kwa kuwa jina la muuaji huenda limekwisha kutajwa humo.