Kuku Waliokua kwa Asilimia 300

Kampuni moja ya mbolea hapa Mbeya ilitafuta mtunza stoo. Tangazo lilijieleza lenyewe: barua ya maombi, CV, picha mbili za pasipoti, wadhamini watatu.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikamuuliza binamu yangu aliyeko Marekani, akanirushia voisi ya dakika 11. Kwao CV ni ukurasa mmoja. Picha hakuna, umri hakuna, dini wala ndoa hakuna. Tangu ile Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, mwajiri anaogopa hata kuonekana anajua unasali wapi, asije akashitakiwa kwa ubaguzi. Wadhamini hawatajwi mpaka waulizwe. Na kila ulichofanya, kipe namba.

Nikazisaka namba. Mwaka ule nilianza na kuku mmoja, ukaisha ninao wanne. Nikaandika: "Nilisimamia mradi wa mifugo uliokua kwa asilimia 300." Kuuza maparachichi ya Tukuyu pale Kabwe kukageuka "Mkuu wa Mauzo, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini."

Steshenari ya Mwanjelwa printa ikagoma. Faili la binamu lilipangwa kwa karatasi za Letter za Kimarekani, pana na fupi kuliko A4 zetu, na printa ikazidai hizo hizo kwa taa nyekundu. Ilitulia ilipochomolewa kwenye umeme.

Sijui waliniitaje kwenye usaili. Nahisi ni ile Kanda.

Ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya mnaijua, lakini jasho lilinitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama afisa utumishi akaigeuza karatasi yangu, nyuma kweupe. "Hii ni CV au risiti? Picha yako iko wapi?"

"Mama, picha inaleta ubaguzi."

"Ubaguzi gani, na wewe umekaa hapa nakuona?"

Pembeni mzee mhasibu alikuwa ameshika kikokotoo. "Kijana, asilimia 300 ya ngapi?"

"Ya... mmoja."

"Mmoja nini?"

"Kuku, mzee."

Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo tukikukabidhi mfuko mmoja wa mbolea, mwisho wa mwaka tutaikuta minne?"

Sikujibu. Mama akauliza wadhamini. Nikasema watapatikana wakihitajika. "Wanahitajika sasa hivi," akasema, akanyoosha mkono nimpe simu. Jina lililonijia haraka ni la mjomba. Mama akapiga, akaweka spika.

"Baba, huyu kijana unamfahamu?"

"Namfahamu sana!" Sauti ya mjomba ikajaa chumba. "Nilipokwenda Kyela kwenye mpunga nilimwachia kuku wangu watatu, mpaka leo hajarudisha. Yuko hapo? Mshikeni!"

Mhasibu akaminya kikokotoo chake taratibu. Kisha akachukua kalamu, akakata ile 300 yangu na pembeni akaandika: 0.