Gravenberch hakukomaa ghafla, alirudishwa nyuma mita ishirini

Kiungo wa Liverpool, Ryan Gravenberch, alipochukua tuzo ya mchezaji bora kijana wa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2024/25, maelezo yaliyozagaa yalikuwa mepesi: kijana katulia, kakomaa. Mimi naona kilichobadilika ni mahali anapoupokelea mpira, basi. Miguu ni ileile ya Amsterdam.

Ajax, klabu ya Amsterdam, walimwingiza Septemba 23, 2018 dhidi ya PSV, siku waliyochapwa 3-0. Alikuwa na miaka 16 na siku 130, akaivunja rekodi ya Clarence Seedorf ya mchezaji mdogo kuliko wote wa Ajax kwenye ligi. Baada ya hapo alirudi kusubiri Jong Ajax, kikosi cha vijana kinachocheza daraja la pili, kama vijana wengine. Namba ya kudumu ilipatikana Frenkie de Jong alipokuwa ameshakwenda Barcelona na Donny van de Beek naye akauzwa Manchester United mwaka 2020. Msimu huo Ajax wakabeba ligi na kombe, na Machi 2021 akaichezea timu ya taifa ya Uholanzi kwa mara ya kwanza, dhidi ya Uturuki.

Pale Ajax alikuwa namba nane wa kushoto, yaani kiungo anayepanda kushambulia. Edson Álvarez anafagia nyuma yake, yeye anapanda. Kwenye ligi ambayo Ajax wanamiliki mpira karibu mechi nzima, hilo liliwezekana. Bayern Munich ya Ujerumani walipomchukua 2022, mkataba wake ukiwa umebakiza mwaka mmoja tu (ndiyo maana bei ilikuwa kama yuro milioni 18.5, bila nyongeza), walinunua namba nane huyohuyo. Tatizo ni kwamba mbele yake kwenye foleni walikuwepo viungo Joshua Kimmich na Leon Goretzka. Mechi 24 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, alizoanza ni 3. Machi, kocha Julian Nagelsmann akafukuzwa, akaja Thomas Tuchel, na benchi likabaki lilelile. Kwa kiungo wa miaka 20 ule ni mwaka uliopotea, na lawama ya kwanza naiweka kwenye uamuzi wa kwenda, kabla ya kumlaumu kocha yeyote.

Sasa tazama kitu anachokifanya vizuri kuliko wengi. Pasi ikiwa njiani kutoka kwa beki wa kati, anachungulia juu ya bega. Anasimama kiubavu, si kumpa beki kifua chote. Mpira ukifika haugusi kwa mguu wa karibu. Anauacha upite mbele ya mwili hadi mguu wa mbali, na mkabaji aliyekuwa anakuja kwa kasi mgongoni anajikuta anapita na upepo. Kwa urefu wake wa mita 1.90, hatua mbili zinatosha kumwacha. Ujanja huu una masharti yake: pasi ije kwa kasi, ielekezwe mguu wa mbali, na asisahau kuchungulia. Pasi ikiwa ya kuvutavuta, anaporwa mbele ya mabeki wake wawili.

Ukiufanya ujanja huo ukiwa namba nane, karibu na boksi, ukigeuka unakutana na ukuta wa mabeki. Ukiufanya ukiwa namba sita, kiungo anayekaa mbele ya mabeki, umeshaivuka safu ya kwanza ya presha na mbele yako kuna uwanja mtupu.

Liverpool wenyewe hawakuligundua hili kwa mpango. Walimnunua Septemba 2023, na msimu wa kocha Jürgen Klopp, kwenye ligi aliutumia zaidi akitokea benchi. Hata Euro 2024 alikwenda Ujerumani na hakupewa dakika hata moja. Agosti 2024 kocha mpya, Arne Slot, alimtaka Martín Zubimendi kwa nafasi hiyo ya namba sita. Zubimendi akabaki Real Sociedad, ndipo Gravenberch akapewa. Wiki chache baadaye Old Trafford, uwanja wa Manchester United, Septemba 1, alinasa pasi ya Casemiro katikati, akapanda nao, mpira ukafika kwa Mohamed Salah, krosi, Luis Díaz akafunga kwa kichwa. Liverpool walishinda 3-0 siku ile. Hapo alionyesha upande wa pili wa kazi: hakabi kwa kuteleza chini, anasoma pasi na kuingiza mguu mrefu njiani.

Udhaifu upo. Msimu huo alicheza mechi 37 za ligi kati ya 38, kwa kuwa Slot hakuwa na mtu mwingine wa kugeuka vile. Kiungo mwenzake Wataru Endo aliingizwa zaidi dakika za mwisho kulinda matokeo. Namba sita aliyechoka huchelewa nusu hatua, na nusu hatua kwa mtu anayetegemea kunasa pasi ni faulo. Siku ya mwisho ya msimu, ubingwa ukiwa mkononi, alimwangusha Daichi Kamada wa Crystal Palace na kuoneshwa kadi nyekundu.